Chunguza ploti kabla ya nyundo ya dalali kugonga

BEI ya mnadani huvutia, na anayewania ploti katika wadi ya Bofu, Likoni, aweza kudhani kuwa hatimiliki pekee yatosha. Lakini dalali huuza mali jinsi ilivyo. Nyundo ikishagonga, matatizo ya ploti humwangukia mnunuzi.

Ploti nyingi hufikishwa mnadani kwa sababu ya mkopo wa benki usiolipwa. Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka mdaiwa apewe ilani ya miezi mitatu, kisha nyingine ya siku 40 kabla ya mali kuuzwa. Kanuni za madalali humwongezea siku 45 za kuikomboa. Mnunuzi aombe kuziona ilani hizo, kwani mdaiwa aliyenyimwa haki hukimbilia kortini.

Kisha afanye upekuzi rasmi katika afisi ya usajili wa ardhi Mombasa. Humo atajua jina la mmiliki, iwapo ardhi ni ya kudumu au ya kukodishwa na miaka iliyosalia, na kama kuna zuio la mahakama. Aulize pia katika kaunti kuhusu malimbikizo ya kodi ya ardhi, maana deni hilo likiwapo, uhamisho hukwama.

Historia ya ardhi ni muhimu vilevile. Aprili 2023, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kampuni ya Dina Management haikuwa na haki juu ya ploti ya ufuoni Nyali, ingawa iliinunua kutoka kwa mmiliki aliyesajiliwa. Ardhi hiyo ilikuwa imegawanywa kinyume cha sheria tangu mwanzo.

Baada ya makaratasi, mnunuzi avuke feri aende akajionee. Afuatane na mpimaji ardhi athibitishe mipaka, kisha aulize majirani na mzee wa mtaa ni nani anayeishi hapo, na tangu lini. Mombasa, wengi humiliki nyumba bila kumiliki ardhi iliyo chini yake. Naye aliyekalia ardhi ya mwenzake waziwazi kwa miaka 12 bila ruhusa aweza kuidai mahakamani.

Shamba la Waitiki, la ekari 930 hapo hapo Likoni, ni funzo tosha. Mwenyewe alikuwa na hatimiliki, ila maskwota waliolivamia 1997 hawakuondoka. Hatimaye serikali ililinunua kwa Sh1.1 bilioni, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akawakabidhi wakazi hatimiliki.

Yote haya hufanywa kabla ya siku ya mnada. Katika mnada unaotokana na amri ya mahakama, mshindi hulipa asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 15. Muda huo hautoshi kuanza kuuliza maswali.