Kabla hujanunua katoni ya nepi

Mkulima wa chai wa Bomet habahatishi uzito. Majani yake hupimwa kituoni, kilo huandikwa, risiti hutolewa. Mzee aliyetoka hospitalini baada ya kufanyiwa upasuaji wa tezi dume, mkojo ukimponyoka kila akikohoa, afanye vivyo hivyo: apime kwanza, anunue baadaye.

Nepi ndizo zinazomaliza pesa kimyakimya. Tuseme moja inauzwa shilingi 100 na unatumia nne kwa siku: hizo ni 12,000 kwa mwezi. Ukilipwa shilingi 25 kwa kilo ya majani mabichi, umechuma kilo 480 za kutupa kwenye shimo la taka, na bonasi ya Oktoba bado iko mbali. Weka bei ya duka lako, hesabu itakuwa ileile. Usiingoje bima ikubebee mzigo huo; upange kama gharama ya mfukoni.

Je, utazihitaji mwezi mmoja au mwaka mzima? Hapo ndipo majirani hupotoshana, kwa kuwa “operesheni ya tezi” ni jina moja la mambo tofauti. Kuna kukwangua tezi iliyovimba kupitia njia ya mkojo. Hiyo huleta haja ya ghafla kwa wiki kadhaa, kisha hali hutulia. Wanaobaki wakivuja daima ni takriban mmoja kwa mia. Na kuna kuondoa tezi nzima kwa sababu ya saratani. Baada ya hiyo mrija wa kutoa mkojo hukaa wiki moja au mbili, ukitolewa karibu kila mtu huvuja, na wengi hurudisha uwezo wa kujizuia kati ya miezi mitatu na kumi na miwili. Jirani anayesema alikauka upesi, yaani aliacha kuvuja, muulize alifanyiwa ipi.

Kwa hii ya saratani, zipo dalili za kukisia mapema nani atakauka haraka: umri mdogo, mwili usio mzito kupita kiasi, kutovuja kabla ya upasuaji, neva za kando ya tezi kuachwa salama, na mkono wa daktari aliyeifanya kazi hiyo mara nyingi. Iko nyingine ambayo wagonjwa wachache huitaja: urefu wa kipande cha mfereji wa mkojo kilicho chini ya tezi. Kikiwa kirefu, bahati yako ni nzuri zaidi. Kama ulishapigwa picha ya MRI kuchunguza saratani, mwombe daktari akipime humo humo. Kulipia picha mpya kwa ajili hiyo tu, mimi singelipa.

Mahali pa kwenda kufanyiwa upasuaji pana bei yake pia. Longisa, Kericho au Tenwek, ile hospitali ya misheni iliyoanza 1937 na inayofunza madaktari wa upasuaji, ziko karibu na nyumbani. Kwenda Eldoret au Nairobi kunaongeza nauli, malazi na mtu wa kukusindikiza. Kokote uendako uliza mawili: daktari amefanya operesheni hii mara ngapi, na wakisema mgonjwa “amekauka” wana maana gani. Wengine humhesabu aliyekauka hata kama bado anavaa pedi moja ya tahadhari.

Sasa mizani, ya jikoni tu. Pima nepi kavu. Iliyotumika itie kwenye mfuko wa plastiki, pima, toa uzito wa nepi kavu na wa mfuko. Gramu moja ni kama mililita moja ya mkojo. Jumlisha za saa 24, andika daftarini. Anayevuja kidogo wiki za mwanzo kwa kawaida hupona mapema. Anayelowa sana ajiandae kwa safari ndefu, lakini asome mteremko wa namba, asiitazame siku moja.

Mazoezi ya misuli ya nyonga ndiyo ya bei ndogo kuliko yote. Kaza kama unayezuia ushuzi, shikilia sekunde tano, legeza. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Mtaalamu wa fiziotherapia akuelekeze, tena kabla ya upasuaji. Mrija ukiwa bado ndani, acha.

Kuna mpira wa kuvalisha uume unaoingiza mkojo kwenye mfuko, mzuri kwa safari ya matatu. Kibano cha uume ni cha mchana tu, kifunguliwe kila baada ya saa mbili hivi. Kizuizi bandia cha mkojo kinachopandikizwa mwilini huagizwa nje na bei yake inaweza kupita ya operesheni ya kwanza. Atakayekushawishi kukinunua mwezi wa tatu, mwonyeshe namba za daftari lako zinazoendelea kushuka.

Na chai, samahani Kericho: kafeini huchokoza kibofu. Punguza kikombe cha jioni, ila maji usiyaache.