Fyuzi Ikichomeka, Usiiwekee Waya

Wasee wenye ndai, hii story ni yenu. Uko Thika Road, Axio imezima ghafla. Ukipiga stata injini inazunguka fiti lakini haishiki. Betri iko na moto, tangi iko na mafuta. Msee wa kwanza kufika atakuambia pampu imekufa, toa doh. Zii, tulia. Anza na fyuzi.

Pampu ya mafuta hukaa ndani ya tangi, na kwa hizi Toyota zetu ndogo utaifikia ukiinua siti ya nyuma. Stima yake hupitia rilei na fyuzi, na kwa kifuniko cha boksi ya fyuzi mara mob yenyewe imeandikwa EFI. Zima ndai, ichomoe, iangalie kwa mwanga. Kale kachuma ka katikati kakiwa kamekatika, imechomeka. Cheki na rangi: nyekundu ni ampia 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Rudisha namba ile ile. Ka fyuzi iko sawa, jaribu rilei: ikifanana na ya honi, zibadilishe, upige stata tena.

Lakini fyuzi haichomekangi bure. Ka ile mpya pia imeenda, chomoa plagi ya pampu pale chini ya siti, weka fyuzi ingine, washa. Ikikaa, shida ni pampu. Ikiungua tena, kuna waya imevuliwa ganda pahali na inagusa bodi, ama kitu ingine kwa hiyo laini inakula stima vibaya.

Pampu tunaichosha wenyewe. Mafuta ndio huipoza, na sisi tunazurura na taa ya mafuta imewaka, tukiongeza ya soo tano, kesho soo tano tena. Inapata joto, filta inaziba na uchafu, pampu inakaza kusukuma, inavuta stima kushinda fyuzi.

Kwa waya, hapa Nairobi ningeanza na traka. Nyingi huwekwa ili uweze kuzima ndai na simu, na kufanya hivyo fundi anaweza kata waya ya pampu aunge rilei yake hapo kati. Akiunga vipoa, hakuna noma. Akisokota na vidole afunge na tepu, gundi inayeyuka na joto, tepu inafunguka, shaba inabaki nje. Piga tochi chini ya dashbodi. Ukiona tepu nyeusi inanata na waya imebadilika rangi, hapo ndio pa kutengeneza kabla hujanunua pampu.

Na kitu moja sitawahi kubali: karatasi ya sigara kwa shimo ya fyuzi, kawaya ka shaba, ama ya 30 pahali pa 15. Ndai itashika, ndio, na utafika keja. Lakini kazi ya fyuzi ni kukatika kabla waya ichomeke. Ukiinyima hiyo kazi, waya ndio itachomeka, na hiyo waya inaelekea kwa tangi ya petroli, chini ya siti watoi wanakaliaga.

Kwa hivyo pitia Grogan ununue fyuzi kadhaa za namba yako, uziweke kwa dashbodi. Na umpigie msee aliyekuwekea traka, umuulize alikata waya gani.