Injini Ikivuma Sana, Tafuta Ufa

Wahenga wametwambia kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Mimi nimejionea kwamba injini nayo ikivuma kupita kiasi, huenda pana kitu kilichokwisha kupasuka zamani.

Nina gari kuukuu aina ya Peugeot 504, jamaa ya yale yaliyoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Asubuhi gari langu halikuwa na neno. Nikivuta choki, injini huvuma juu kidogo, na hiyo ndiyo desturi yake mpaka ipate joto. Kisha choki hurudishwa, na mvumo hutakiwa kutulia kwenye mizunguko baina ya 800 na 1,000 kwa dakika. Langu likipata moto ndipo lilipopanda. Nikisimama penye taa za barabarani, lilinguruma kama linalotaka kuruka.

Nikalipeleka kwa fundi mmoja. Alifungua boneti, akachukua bisibisi, akazungusha skrubu ya kabureta. Mvumo ukashuka, nikalipa, nikaenda zangu. Siku ya tatu mvumo ulirudi, na asubuhi gari likawa linazimika ovyo.

Kisha yakanifika ya Likoni. Nilikuwa nikiteremka kuelekea kwenye feri, na watu wa miguu wako mbele yangu. Nilipokanyaga breki ilikuwa ngumu kama jiwe, na injini yenyewe ikinisukuma mbele. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili nikavuta na breki ya mkono. Gari lilisimama hatua moja nyuma ya mama aliyejitwika kikapu. Hakugeuka, wala hakujua. Niliyejua ni mimi, na usiku ule sikupata usingizi.

Kulipokucha nikaenda kwa fundi mwingine, kijana wa umri wa wanangu.

"Ami," akaniambia, "skrubu tusiiguse kwanza. Tusikilize."

Alitazama choki kama imefunguka yote, kisha waya unaotoka kwenye pedeli ya mafuta kama haukukwama. Vyote vilikuwa vizima. Akatwaa kipande cha mpira wa maji, ncha moja akaitia sikioni, na nyingine akaipitisha taratibu pembezoni mwa kabureta na kwenye mipira inayotoka injini, mkono wake ukiwa mbali na feni. Mara akasimama, akanipa nami nisikilize. Palikuwa na sauti nyembamba ya hewa, kama nyoka ndani ya shimo.

Nikamkumbuka maalim wetu chuoni. Alikuwa akifumba macho tukisoma, na irabu ikivutwa pasipo pa kuvuta, huyafumbua. Hakuwa na haja ya kutazama msahafu.

Mpira uliokuwa ukilia ni ule unaotoka kwenye injini kwenda kwenye chombo kinachoifanya breki kuwa nyepesi. Kijana akaubana kwa koleo, na mvumo ukashuka papo hapo. Akanieleza kwamba hewa ya injini hupitia mlango ulio ndani ya kabureta, na mlango huo ndio unaoamuru mwendo. Hewa ikipata ufa, huingilia uani bila kupimwa na mtu. Mpira wangu ulikuwa umekauka kwa uzee. Ukiwa baridi ufa ulijibana, ukipata joto ukafunguka. Kumbe mvumo na ugumu wa breki vilikuwa ugonjwa mmoja.

Alitia mpira mpya, akairudisha skrubu mahali pake, na mambo yakatulia. Gharama yake haikufika nusu ya ile niliyomlipa fundi wa bisibisi.

Sisi watunzi twajua kwamba mshororo uliozidi mizani hautengenezwi kwa kusomwa haraka. Ni lazima itafutwe ile silabi iliyozidi. Basi nawe msomaji, gari lako likivuma likiwa moto, usikubali mvumo ushushwe kabla sababu yake haijajulikana. Na breki zikiwa ngumu pamoja na mvumo huo, usiliendeshe tena mpaka litengenezwe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na siku ile ya Likoni, kifo hicho hakingekuwa changu mimi.