Wazee Wetu na Elimu Isiyoandikwa

Wako wanaodhani kuwa mzee akishapokewa katika makao ya wazee shughuli yake ya dunia imekwisha, na deni letu kwake ni sahani ya chakula, dawa na kitanda chenye shuka safi. Hayo ni haki yake, wala hakuna wa kuyabeza. Serikali ya Mapinduzi imebeba jukumu hilo kwa miaka mingi, Welezo huku Unguja na Limbani kule Pemba. Mwaka 2016 ilianzisha pensheni kwa kila mkaazi aliyetimiza umri wa miaka 70, awe aliajiriwa ofisini, alilima muhogo au alivua pweza. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 50,000. Hatua hizo zastahiki pongezi. Hata hivyo, lipo jambo ambalo twalipuuza, nalo ni kwamba mzee huyo tunayemlisha anayo elimu ambayo sisi tunaihitaji.

Tutazame jinsi siku ya wazee inavyopita. Huamka alfajiri kabla ya jua. Baada ya chai, mwenye nguvu hufagia uani, mwenye kusuka ukili husuka, na mwenye kushona kofia huvaa miwani yake akashona. Waliobaki hukaa barazani. Mpita njia aweza kudhani kuwa wamekaa bure, kumbe macho yao yako kazini. Wanaona mwembe umetoa maua mapema kuliko mwaka jana. Wanaona chungu wanahamisha mayai yao, na upepo umegeuka tangu adhuhuri. Kijana mwenye pilikapilika hana wasaa wa kuyaona hayo. Mzee anao wasaa, tena ana miaka sabini ya kulinganisha.

Elimu hiyo si ya kubahatisha. Wazee wetu walirithi mwaka wa jua unaoanzia Nairuzi, ule ambao watu wa Makunduchi huusherehekea kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Siku zake huhesabiwa kwa miongo, yaani kumi kumi, na kwa hesabu hiyo mkulima alijua lini asafishe shamba na lini apande, na nahodha alijua lini afunge safari. Walijua kuwa kaskazi huvuma kuanzia Disemba, kwamba masika hufuata pindi kaskazi inapolegea, na kwamba kusi hutawala katikati ya mwaka. Walijua kuwa mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, ambapo kina mama hupata mwamba mkavu wa kuchokoa pweza, na kwamba maji mafu huja mwezi ukiwa nusu. Leo mvua zimekuwa zikichelewa na kupotea njia, na wataalamu wanatafuta kumbukumbu za miaka iliyopita. Baadhi ya kumbukumbu hizo zimo vichwani mwa watu walioketi barazani.

Chukua mfano wa popo wa Pemba, ambaye hapatikani pahala pengine popote duniani. Huyu hula matunda, na kwa kuruka kwake usiku hutawanya mbegu na kuchavusha miti. Kwa kuwa alikuwa akiwindwa kwa ajili ya nyama, na misitu yake ikikatwa, mwaka 1989 alikuwa amekaribia kutoweka. Wanavijiji wakajiunga kumlinda, wa Kidike wakiwa miongoni mwao, na katika muda usiotimia miaka ishirini idadi yake ikapita 20,000. Mzee wa Pemba ameishi nyakati zote tatu: alipokuwa tele, alipoadimika na aliporudi. Hali kadhalika ninga wa Pemba, na kihodi, yule bundi mdogo anayelia usiku katika msitu wa Ngezi na katika mikarafuu. Ni nani atakayemweleza mtoto walikuwa wapi na kwa wingi gani, ikiwa hakuulizwa aliyewaona?

Unguja nako kunguru ametufundisha somo chungu. Aliletwa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, ili ale takataka za mji. Amekula takataka, na pamoja nazo akala mayai na makinda ya ndege wadogo, na vifaranga vya wananchi. Katika miaka ya 1990 ilifanywa kampeni ya kumpunguza, naye akapungua kweli. Juhudi ziliposita, akarejea. Mwenye kutaka kujua tulipoteza nini na amwendee mzee, amwulize kwa adabu: "Shikamoo babu, zamani mti huu ukiliwa na ndege gani?"

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Lakini aliyeona mengi akifa pasi na kuulizwa, huzikwa na aliyoyaona. Hiyo ndiyo hasara inayotukabili, na haingojei bajeti ya mwaka ujao.

Basi twapendekeza mambo matatu, na yote ni mepesi. Kwanza, kila panapojengwa au kukarabatiwa makao ya wazee, miti ya matunda na ya vivuli isikatwe ovyo, na mabaraza yaelekezwe bustanini badala ya ukutani. Pili, walimu wa skuli zilizo jirani wawapeleke wanafunzi na madaftari yao, angalau mara moja kwa muhula, wakaandike majina ya ndege, miti, pepo na miongo kama wazee wanavyoyatamka. Tatu, maofisa wa kilimo, misitu na uvuvi wasipite makao hayo wakati wa kutoa misaada peke yake. Wapite pia wakiwa na maswali.

Mzee anayepewa chakula hushukuru. Mzee anayeulizwa na jibu lake likaandikwa hujua kuwa bado ni mwananchi kamili, na kwamba nchi aliyoitumikia ingali inamhitaji. Tuwaendee wangali hai.