Kadeti wa Karema Aanzie Kalemie

Ukitoka Mpanda kuelekea magharibi, safari inaishia Karema, kwenye maji ya Ziwa Tanganyika. Hapo Serikali imejenga bandari kwa takriban shilingi bilioni 48. Ujenzi ulianza 2019, na mwaka 2022 gati likaanza kupokea vyombo. Tangu hapo mazungumzo ya wana Katavi kuhusu Karema yamekuwa ya shehena na reli: lini njia ya treni itavuka kutoka Mpanda hadi ziwani, na mchele wetu utauzwa kwa nani Kongo. Ni mazungumzo ya haki. Lakini kuna jambo moja limebaki nyuma, nalo ni watu. Kijana wa Ikola au Mpimbwe anayetaka kuwa nahodha au injinia wa meli katika ziwa hili atafundishwa na nani, na atajifunzia kwenye chombo gani?

Jibu la haraka ni Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Mpanda, kwenye Chuo cha Bahari, DMI. Chuo hicho kilianza 1978, mwaka uleule ambao mataifa yalipitisha mkataba wa viwango vya mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia, unaojulikana kwa kifupi STCW. Mkataba huo ndio unaoeleza kwa nini chuo cha bahari hakiwezi kuishi peke yake kama chuo cha uhasibu. Kadeti wa sitaha anayefuata mafunzo yaliyoidhinishwa lazima akae melini miezi isiyopungua 12, na katika hiyo ashike zamu kwenye usukani chini ya ofisa mwenye cheti kwa angalau miezi sita, huku kila alichofanya kikiandikwa katika kitabu chake cha mafunzo na kutiwa saini. Asiye na mafunzo hayo anatakiwa kuwa na miezi 36. Darasa likiisha, kwa hiyo, elimu iko nusu. Nusu iliyobaki iko kwenye meli ya mtu mwingine, na mara nyingi ya nchi nyingine.

Ndiyo maana napima kila hati ya makubaliano kati ya chuo cha bahari na chuo cha ng'ambo kwa swali moja: inatoa nafasi ngapi za melini? Wakuu wa vyuo wakipeana mikono na wanafunzi kumi wakatembelea maabara za wenzao kwa wiki mbili, wote watafurahi na wengine watatiwa moyo kweli. Ila vitabu vyao vya mafunzo vitarudi bila saini hata moja. Kubadilishana kunakomfaa baharia ni kubadilishana nafasi: kadeti wako apande meli yangu, wangu apande yako, na mamlaka zetu mbili zikubaliane mapema kwamba saini ya nahodha wako itaheshimiwa kwangu.

Sasa turudi ziwani, maana hapa kuna pengo ambalo wengi hawalioni. STCW inahusu meli zinazokwenda baharini. Chombo kisichotoka Ziwa Tanganyika hakimo. Ziwa hili lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha karibu mita 1,470, linagawanywa na nchi nne, na upepo wa kusini unaweza kuinua mawimbi ambayo baharia wa pwani angeyaheshimu. Hata hivyo vyeti vya manahodha wake vinategemea sheria ya kila nchi peke yake. Desemba 2014 MV Mutambala ilizama upande wa Kongo, na watu zaidi ya 120 wakafa. Hayo ni maji ya ziwa letu, na abiria waliofia humo ni majirani zetu.

Ukitazama ramani utaona kwamba Moba na Kalemie, upande wa Kongo, ziko karibu na Karema kuliko Kigoma. Kwa kijana wa Katavi, basi, nchi ya nje ya kwanza kujifunzia haina sababu ya kuwa Ulaya. Sisemi Ulaya haina maana. Chuo Kikuu cha Bahari Duniani, kilichofunguliwa Malmö, Uswidi, mwaka 1983, ni mahali pa kumpeleka ofisa atakayekuja kuandika kanuni na kukagua meli. Anayejifunza kushika usukani usiku akiwa na abiria 200 anahitaji kujua Kalemie inaingiwaje.

Na Kalemie inaifundisha Karema jambo la ajabu. Maji ya Ziwa Tanganyika yana mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, ambao mlango wake uko hapo Kalemie. Katika karne ya 19 mlango huo ulikuwa umezibwa na tope na mimea, na ziwa likajaa. Wabelgiji walipojenga kituo chao Karema mwaka 1879, kilikuwa karibu na maji. Lakini Lukuga ilikuwa imeanza kufunguka, ziwa likashuka kwa mita kadhaa, na kituo kikaachwa kwenye nchi kavu. Miaka ya karibuni imekuwa kinyume: maji yamepanda na kufurika Bujumbura na Kalemie. Mhandisi wa gati la Karema na mkufunzi wa chati za ziwa hili hawawezi kuifahamu kazi yao bila kuuona mlango ule kwa macho.

Ndiyo maana ningeanza na wakufunzi kabla ya wanafunzi. Mwanafunzi mmoja akienda, anarudi na ujuzi wake. Mkufunzi akikaa Kalemie au Bujumbura muhula mzima, akapanda meli za huko na kuzungumza na manahodha wazee, kila darasa litakalomfuata litafaidi. Na mkufunzi wa Kongo aje kwetu vilevile, afundishe, asipewe tu kiti cha mgeni rasmi. Karema imewahi kuona faida ya mtu aliyesomeshwa mbali. Adrian Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta, na mwaka 1889 akafika Karema. Alitibu watu wa mwambao huu hadi kifo chake mwaka 1956. Alileta elimu ya ng'ambo, akajifunza nchi, akakaa. Ziara ya siku kumi haiwezi kuzaa mtu wa namna hiyo.

Lugha ni sehemu ya kazi hii, wala si pambo. Baharia wa Tanzania hufundishwa kuomba msaada redioni kwa Kiingereza. Hati za Kongo na Burundi ziko kwa Kifaransa. Na watu wenyewe, kutoka Bujumbura hadi Moba, wanasikilizana kwa Kiswahili. Wakufunzi wa pande zote wangekaa pamoja wakaandika maneno ya dharura ya ziwa hili: chombo kinaingia maji, moto uko kwenye injini, niko hapa, nina watu wangapi. Kiswahili cha Kalemie si kile cha Dar es Salaam, kwa hiyo kazi hiyo haiwezi kufanywa na upande mmoja. Katavi ina watu wa kusaidia. Katumba na Mishamo zimelea vizazi vya familia zilizokimbia Burundi mwaka 1972, ambazo nyingi zilipewa uraia wa Tanzania. Kijana wa Mishamo anayesikia Kirundi nyumbani na Kiswahili shuleni angefaa kuwa katika kundi la kwanza la kadeti.

Kwa upande wa siasa, mlango uko wazi kuliko zamani: Burundi imo Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Kongo ilijiunga 2022. Bima ya kadeti, posho na vibali vya kuishi vinahitaji bajeti na uvumilivu wa ofisini, lakini vinawezekana. Kilicho kigumu ni saini. TASAC, inayotoa vyeti vya mabaharia upande wa Tanzania Bara, na wenzake wa Kongo, Burundi na Zambia wanahitaji kukubaliana kwa maandishi muda wa melini unavyohesabiwa ziwani, nani anaruhusiwa kuuthibitisha, na kadeti aliyeshika zamu ya usiku kutoka Karema hadi Moba ataandikiwa nini kitabuni. Hapo chuo kitakuwa na kitu cha kuwaahidi vijana wa Mpanda.