Maana na Matumizi ya Kitenzi cha Kiingereza "run over" katika Kiswahili: Mifano ya Mikumi na Kilosa

Kitenzi cha Kiingereza "run over" kimeundwa kwa maneno mawili: "run", kukimbia, na "over", juu ya. Hata hivyo, maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana za maneno hayo. Mtenda anapokuwa chombo cha usafiri, humaanisha kumgonga mtu au mnyama na kupita juu yake. Penginepo humaanisha kufurika, kupitiliza muda au kupitia jambo kwa haraka. Kwa hiyo, tafsiri ya neno kwa neno, "kukimbia juu ya", hupotosha.

Kiswahili hueleza tukio hilo kwa uteuzi wa mzizi na viambishi vya unyambulishi. Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ina miktadha inayolidhihirisha jambo hili. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Iringa hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa takribani kilomita 50, na wanyama hugongwa humo. Reli ya Kati nayo hupita mjini Kilosa.

Kimaana, "gonga" husisitiza pigo, ilhali "kanyaga" husisitiza gurudumu kupita juu ya mwili. Swala aliyerushwa kando ya barabara amegongwa, hakukanyagwa. Nyoka aliyepondwa na tairi amekanyagwa. Kiingereza hutenga hali ya pili kwa "run over", lakini Kiswahili huweza kuzieleza zote mbili kwa "gonga".

Kisarufi, kauli ya kitenzi hugawa wajibu. Katika "Basi limemgonga twiga", mtenda ni basi. Katika "Twiga amegongwa", mtenda ameachwa. Katika "Basi limegongana na twiga", tendo limegawanywa kwa wawili, kana kwamba twiga naye aligonga. Vivyo hivyo, "Treni imeligonga lori" si sawa na "Treni imegongana na lori". "Run over" huweza kutendwa, lakini haina kauli ya kutendana.

Tofauti hiyo ina uzito, hasa baada ya sheria ya mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama nchini Tanzania. Mfasiri wa maelezo ya ajali anayeandika "gongana" mahali pa "gonga" humhusisha aliyegongwa na kosa ambalo matini chanzi haikumhusisha nalo. Kwa hiyo, ufasiri wa kitenzi hiki hauna budi kuanza kwa kubainisha nani alitenda na nani alitendwa, ndipo mzizi na kauli viteuliwe.