Kuusoma Mchoro wa Jumba la Kihindi kwa Maneno ya Kiswahili

Mwalimu aliyeko Murangi, katika nchi ya Musoma, akiwaonyesha wanafunzi mchoro wa jumba la kale la Rajasthan, aghalabu atapata neno moja la kuueleza, nalo ni "mapambo". Neno hilo si baya, walakini hufunika kila kitu mara moja, na jicho likisha kuridhika halitazami tena. Yafaa tuone kama Kiswahili chaweza kuusoma mchoro kama huo sehemu kwa sehemu.

Mfano ulio bora ni mkusanyo uitwao Jeypore Portfolio of Architectural Details, uliotolewa kati ya 1890 na 1913 na Samuel Swinton Jacob, mhandisi wa dola ya Jaipur, kwa ufadhili wa Maharaja. Una sehemu 12: moja ya nguzo, nyingine ya matao, nyingine ya milango ya kuchongwa, na ya mwisho ya roshani na madirisha. Karatasi zake hazikushonwa pamoja, ili fundi aweze kuchukua moja na kuilinganisha na nyingine.

Michoro hiyo haikufanywa kwa ajili ya kupendeza tu, ilipimwa. Mchoraji wa mandhari huonyesha jumba kama alionavyo mtu asimamaye njiani, lililo mbali likiwa dogo. Huyu huonyesha kitu kile kile mara mbili au tatu: uso wake, umbo lake likitazamwa kutoka juu, na ubavu wake kana kwamba umekatwa kwa msumeno. Katika mkato huo ndimo fundi aonamo kina cha nakshi, kwa kuwa uso peke yake hausemi kama ua limechimbwa kidogo au limetokeza shibiri nzima. Sehemu ya Beit al-Ajaib ya Unguja ilipoanguka mwezi wa Desemba 2020, sifa za uzuri wake hazingeweza kumwelekeza mwashi mahali pa jiwe hata moja.

Tutazame basi roshani, neno lenye asili ya Kiajemi, katika maana ya nuru. Chini kuna mikono ya jiwe ibebayo uzito, juu yake sakafu, kisha nguzo, kila moja na tako lake, shina na kichwa. Baina yake matao, na juu kuba. Chini ya kuba hutokeza bamba pana la kuzuia jua na mvua. Huo ni upenu, ingawa ni wa jiwe, na hapana mtoto wa Murangi asiyeujua upenu.

Uwazi ulio baina ya nguzo huzibwa kwa jiwe lililotobolewa matundu mengi, ambalo Wahindi huliita jali. Wengine watapenda kuliazima jina hilo. Kwa maoni yangu "kimia" chatosha: ni wavu wa kutupa, na tena ni kitambaa cha matundu. Kimia cha jiwe huzuia jua kali na kupitisha upepo.

Mtu atakaye kuyajaribu maneno haya na aende Mizingani, Unguja, kwenye nyumba ya dawa ambayo Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, aliianzisha mwaka 1887. Yeye alifariki 1891. Nyumba ilimalizika 1894. Roshani zake ni za mbao, maana kazi ya mwashi imeingia mikononi mwa seremala, na miundi yake imekatwa matundu membamba. Mikono, nguzo na upenu vyote vimo, na kimia chake ni cha mbao.